Carlos, Usilie

Jumapili, 3 Agosti 2025

Kilio kimekwisha. Wamekunja hema, wamerudisha viti vya kanisa. Tumebaki wawili, mama na mimi, na baridi hii ya kiangazi.

Mama amepika bukari, ugali wetu, akaweka na sahani ya Nkambo, babu yangu. Hakugundua mpaka alipoketi. Akaiondoa.

Pasta alisema juzi kaburini: Mzee Kalenga alikuwa mtu wa amani. Kweli! Ila hakusema kwamba huyo baba wa mama yangu alikuwa jandarme, askari wa Katanga. Alikwenda Angola kwa miguu, hata ndevu hana. Akarudi na bunduki mwaka wa 78, vita vya Kolwezi. Waliposhindwa, wengi walivuka mpaka tena — yeye akazika gwanda lake, akaja Likasi, akavunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe kama mtu asiyejua silaha. Enzi za Zaire, neno moja tu lingemmaliza. Akanyamaza. Hata utawala ulipobadilika, aliendelea kunyamaza.

Ila mchana, akilala baada ya kula. Hapo alikuwa akisema.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Leo nimemsikia.

Nilikuwa kwenye cherehani, nashona yunifomu za shule. Jua kali nje. Sauti ikatoka chumbani kwake: "Carlos, usilie. Beko karibu." Wako karibu, eti. Nikaenda, nikafungua mlango. Godoro limeegemezwa ukutani, hakuna mtu. Nikageuka — mama amesimama nyuma yangu. Hakuniuliza nimefuata nini.

Maneno hayo hayo, maisha yake yote. Nilipokuwa mdogo nilimwamsha siku moja. Akaniziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, macho yake yamefumbwa. Alipoyafungua akaona ni mimi, akakimbia nje kutapika. Tangu siku ile mama alinikataza kumgusa akilala.

Na hapakuwa na mtu mpole kama yeye! Siku moja kanisani mwanamke alimziba mtoto mdomo kwa mkono, Nkambo akasimama katikati ya mahubiri: "Acheni mutoto alie!" Watu walicheka. Mimi pia.

Carlos ni nani, hakusema kamwe.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Mama Henriette wa nyumba ya pili ameleta kitambaa cha bluu. Kaka yake, Kalombo, aliondoka na Nkambo kwenda Angola. Hakurudi. Miaka yote Nkambo alimpelekea sukari, sabuni, na habari: Kalombo yuko Luanda, kazi ya bandari, watoto wamekua, anakusalimu. Hata beji yake mwenyewe ya jandarme, ile yenye simba-marara, alimpa, eti zawadi kutoka kwa kaka.

"Mwenye kuniletea habari amekufa," ameniambia. "Bon. Minye mwenyewe nitaenda." Mjukuu wake ni dereva wa lori, atamfikisha Dilolo, mpakani na Angola. Anataka gauni. "Anione niko muntu, Reine. Hapana kizee ya kuomba."

Nikampima. Bega, kifua, kiuno. Akawa anaongea tu, kwa furaha: huko Angola walimbadilisha kaka yake jina. "Beko namuita Carlos."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimetoka Kakanda, kwa Mzee Banza. Alikuwa pamoja na Nkambo vitani, alikuja kwenye kilio. Nilimuuliza moja kwa moja: Carlos alikufa?

Akatazama mlango kwanza. Mpaka leo anaogopa!

"Alipigwa risasi mu tumbo," akasema. "Tukamubeba mpaka karibu na Lualaba. Basoda ba serikali bakapita mu njia, pale pale, na Carlos iko nalia. Nkambo yako akamuwekea mukono pa kinywa."

— Kwa muda gani?

"Mpaka bakapita."

— Halafu?

"Akaondoa mukono. Carlos hakukuwa tena."

Wakamfunika kwa mawe. Banza hajui tena ni wapi. Nikamuuliza kwa nini alimwacha Nkambo amdanganye Henriette miaka yote hii. Akakasirika. "Minye niko na batoto, niko na bajukuu, sababu ya ule mukono! Weye unataka nimusemee nini?"

Mkono huo ulinikata kucha. Ulinishika vidole nijifunze kuandika jina langu. Njiani nilijaribu kumchukia, hata kidogo. Nilishindwa. Nikajaribu kumwonea huruma tu, basi. Hilo pia nilishindwa — nilikuwa namwona Henriette na kitambaa chake.

Mama sijamwambia. Nadhani anajua.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Lori linaondoka kesho. Henriette amekuja kujaribu gauni. Limemkaa! Amejigeuza mbele ya kioo, amecheka kama msichana. Nikaamua: nitanyamaza. Aende, asimpate, arudi na tumaini lake.

Kisha akaketi, gauni mwilini.

"Reine. Nyumba zetu ziko karibu. Muchana nilikuwa namusikia Kalenga. Miaka yote. Nilijua iko naita kaka yangu." Akanyoosha pindo. "Sikumuuliza hata siku moja. Sukari nilipokea, habari nilipokea. Sasa minye ni muzee. Niambie tu: iko namuita sababu gani muntu muzima, mwenye iko Luanda, iko namuambia asilie?"

Nimemwambia naenda kutafuta uzi. Uongo. Niko huku chumbani, naandika.

Mama ameingia kutoka sokoni. Namsikia akimsalimu. Henriette anamuuliza swali lile lile, polepole zaidi.

Mama anaweka kikapu chini.



Nasikia zipu ikishuka. Ile ya mgongoni — Henriette hawezi kuifikia mwenyewe. Mama anamsaidia kulivua gauni la safari.