Namba Tisa wa Mlangoni

Mama mdogo Otilia,

Shikamoo. Naanza kwa salamu ingawa hakuna wa kuniitikia marahaba, kwa sababu ungekuwa hai ukanisikia naingia kwenye habari bila kusalimu, ungenirudisha mlangoni nianze upya. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Naona haya, mama mdogo. Nalisema mapema ili usije ukadhani nimekaa hapa kwako Ruhuwiko kukulilia tu.

Watu walikuwa wakikuuliza mtoto wa dada yako anafundisha nini huko chuo kikuu, nawe ukiwajibu, "Anafundisha watu namna ya kukaa kikao." Wakicheka. Yaani kukaa kikao nako kunasomewa? Nilikuwa naudhika, nakwambia sema ni mawasiliano ya vikundi vidogo na ya taasisi, nawe unaitikia, "Haya, ndiyo hayo hayo." Leo naona uliitaja kazi yangu vizuri kuliko nilivyowahi kuitaja mimi. Kinachonichoma ni kwamba wewe ndiye uliyeijua, na mimi ndiye niliyelipwa mshahara kwa kuijua.

Unakumbuka nilivyokuja kufanya utafiti wa shahada ya uzamivu? Ilikuwa miaka ile ya ruksa, sabuni za rangi zimeanza kujaa madukani na kila mwenye mtaji kidogo anafungua kibanda. Ninyi kina mama kumi na wawili mlikuwa na mashine yenu ya kusaga mahindi, na kila Jumatano mchana mlikutana katika darasa moja la shule ya msingi. Mwenyekiti alikuwa Mama Haule, mwalimu mstaafu, mama wa kusikika hata akinong'ona. Nami nilikuja na kinasa sauti, daftari na kisomo kilichonipanda kichwani.

Kila Jumatatu na Jumanne jioni ulikuwa unatoka kutembelea watu. Ulinichukua mara nyingi. Hukuwa unakwenda mikono mitupu: leo majani ya maboga, kesho unarudisha chekeche, siku nyingine unakwenda kuomba moto ilhali jikoni kwako kunawaka. Mnazungumza mbegu, mnazungumza mguu wa fulani unaomsumbua. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kigoda napiga miayo, kinasa sauti kimezimwa ndani ya mkoba ili betri zisiishe kabla ya Jumatano. Kwangu mimi kazi ilikuwa bado haijaanza.

Nikupe mfano mmoja, maana nimeukumbuka mwaka huu tu. Mashine ilikuwa inafungwa Jumapili, na Bi Mwanaidi, jirani yako aliyeolewa hapa kutoka Mbesa, akaomba isimame pia Ijumaa adhuhuri ili aende kuswali. Mama Haule akakataa. "Mashine haina dini," alisema, na kikao kikaisha watu wamenuniana. Jumanne yake ulimpelekea Mama Haule majani ya maboga. Saa nzima mliongea habari za kuku. Mlangoni, umeshaaga, ukasema kama mtu aliyekumbuka kitu njiani, "Hivi ile mashine inasafishwa lini? Ijumaa mchana ingefaa, wateja ni wachache." Kesho yake Mama Haule akasimama akatangaza kwamba amefikiri, na kuanzia wiki ile mashine itasimama Ijumaa adhuhuri kwa ajili ya usafi. Wote wakakubali. Bi Mwanaidi akakutazama, wewe ukainamia ungo wako wa maharage. Mimi nikaandika daftarini: uongozi bora wa mwenyekiti.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo nilikuwa naijua tangu darasa la pili.

Uliwahi hata kuniambia waziwazi. Ulikuwa unasonga ugali, nami nakusimulia jinsi ambavyo vikao vyenu vinanishangaza kwa kwenda haraka. Ukasema, "Kikao kinapikwa majumbani, mwanangu. Pale tunapakua tu." Nikakusifu kwa usemi mzuri, nikaomba chumvi.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Baada ya vikao vyote nilichora mchoro mkubwa kwenye karatasi ya manila. Duara moja kwa kila mama, na mshale kila mtu anapomsemesha mwenzake. Aliyesemeshwa sana alijaa mishale. Kanuni ya utafiti inasema usitaje majina, nami nikaitii kwa makeke, majina yote nikayafanya namba. Nikasahau jambo ambalo kila mtu pale analijua, kwamba kina mama wa kikundi hukaa palepale kila Jumatano, kila mtu na dawati lake kama kanisani. Na mimi kwa kutaka kuonekana fundi nikayachora madawati yalivyokaa. Nikachora na mlango.

Nikaibandika ile karatasi ubaoni mbele yenu, nikiita kurudisha matokeo. Nikawaeleza kwa Kiswahili cha kitabuni. Namba moja, kiungo cha kikundi: mishale imemzunguka. Namba tisa, mjumbe wa pembeni, hatumi ujumbe wala haupokei. Kweli, katika vikao vyote vile sauti yako ilikuwa kwenye kanda mara nne tu, na mara mbili ulikuwa unaomba mlango ufungwe kwa sababu ya vumbi.

Kuwatambua wenye namba kulichukua muda mfupi kuliko kunywa maji.

"Namba tisa si wa mlangoni yule?" mmoja akauliza.

"Kumbe Otilia anakuja kuchambua maharage," akasema mwingine, na darasa likacheka.

Mama Haule alitazama ile karatasi kwa muda. Halafu akasema, "Utaalamu ni utaalamu," akaendelea na ajenda.

Nilikuona ukicheka pamoja nao. Nilikuona pia ukikusanya maharage yako kabla hujayamaliza, na sijawahi kukuona ukiacha maharage nusu. Ningeweza kusema neno. Ningeweza kusema huu mchoro unaonyesha kikao tu, hauonyeshi mtu. Sikusema, kwa sababu wakati ule sikulijua hilo, na kwa sababu nilifurahi mno kuona watu wanaelewa mchoro wangu.

Nyumbani nilikuuliza kama umeudhika. "Niudhike nini?" ukasema. "Umechora vizuri. Hata mlango umeupatia. Kula, ugali unapoa."

Nikala, mama mdogo. Tena nikaongeza.

Mwaka uliofuata niko Dar naandika tasnifu, ikaja barua yako fupi. Mmechagua kamati mpya, wewe umepumzishwa. "Mama Haule amesema tufuate utaalamu. Mvua zimeanza vizuri. Vaa sweta ukija." Ulikuwa kwenye kamati tangu siku kikundi kilipoanzishwa. Nikasikitika kama dakika tano, nikajiambia vikundi hubadilika, ndiyo maana tunavichunguza. Baadaye nikasikia kwamba mtaani wanakuita Namba Tisa, hata dukani, na wewe unaitika. Hilo nalo nililipitisha hivyo hivyo.

Ukaacha kuzunguka. Nani azunguke, na karatasi imeshasema hafanyi kitu? Mashine za watu binafsi zilipofunguliwa karibu na soko, mkalazimika kuamua kama mashine yenu ihamie mjini au ibaki Ruhuwiko. Mambo yaliyokuwa yakipoozwa Jumanne kwa majani ya maboga yakafika Jumatano yakiwa ya moto. Wakatukanana mbele ya wote, na mtu akishatukanwa mbele za watu hana njia ya kurudi. Kikundi kikafa, mashine ikauzwa. Katika tasnifu niliandika kwamba kilivunjika kwa sababu ya ushindani wa soko huria. Ni sababu nzuri ile. Ina uzito na haimgusi mwandishi.

Nikapata shahada, nikapanda cheo. Mwaka hadi mwaka nimeuchora mchoro ule ubaoni, maana wanafunzi wanaupenda, unaeleweka upesi. Kuna kijana mmoja aliwahi kuuliza, "Mwalimu, huyu namba tisa alikuwa anasinzia?" Darasa likacheka. Nami nikacheka. Siku hiyo nilikuwa nimevaa kitenge ulichonitumia kwa sikukuu ya Pasaka. Katika yote niliyokutendea, hilo ndilo linalonifanya nifunike uso nikiwa peke yangu.

Ulipofariki nilifika siku ya maziko yenyewe. Baada ya watu kula, Bi Mwanaidi alinivuta jikoni, tukawa tunasuuza sahani. Akaniuliza bila kunitazama, "Wee mtoto, unajua kama sisi tulikataa kunaswa sauti?"

"Sijui, Bi Mwanaidi. Karatasi ya ruhusa mlisaini wote."

"Tulisaini baada ya Otilia kuzunguka. Tulisema hizo kanda zinapelekwa wapi, zinasikilizwa na nani. Mama Haule mwenyewe alisema haiwezekani. Otilia kaja kwangu, kakaa hapo, tumeongea habari za mihogo mpaka nimechoka. Kaaga. Yuko mlangoni ndiyo anasema, 'Ni mtoto wangu yule. Akiharibu, lawama niwekeeni mimi.' Nyumba zote kumi na moja kasema hivyo hivyo."

Nikachukua sahani nyingine.

"Walipomtoa kamati nilimwambia twende tukaseme, haiwezekani hii," aliendelea. "Kakataa katakata. Kaniambia, 'Mwanaidi, nilishasema lawama niwekeeni mimi. Wameniwekea.' Wallahi, kama angefungua mdomo siku ile, ungeaibika wewe na karatasi yako. Ndiyo maana hakufungua."

Nimefundisha kuhusu ukimya, mama mdogo. Nina mhadhara mzima juu yake. Nimewaambia watu kuna ukimya wa woga, wa uchovu, wa kutojua. Wako haumo kwenye mhadhara.

Kesho yake nilipanda basi la alfajiri. Nilijiambia nina mitihani ya kusahihisha, na kweli nilikuwa nayo, lakini nilikimbia. Niliogopa kukutana na yeyote kati ya wale kumi na moja, nisije nikaulizwa.

Likizo hii, baada ya miaka, nimerudi. Nimelala chumbani kwako siku tatu bila kutoka, nikijipa kazi ya kufagia kilichokwisha kufagiliwa. Jana nikajikaza nikaenda kwa Mama Haule. Amezeeka, miguu imevimba, lakini sauti ni ile ile. Sikupeleka majani ya maboga. Nilijua nikijaribu kufanya ulivyofanya wewe nitakuwa naigiza, na nimeshaigiza vya kutosha. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikasema yote moja kwa moja: kwamba mchoro ule ulikuwa na kosa, kwamba wewe ndiye uliyekuwa unakiunganisha kikundi, kwamba niliwapotosha wakakutoa, na kwamba lawama waliyokuwekea ilikuwa yangu.

Nilitegemea ashangae. Nilikuwa nimejiandaa hata kumweleza habari ya Ijumaa na usafi wa mashine, taratibu, ili asifedheheke.

"Unanieleza mimi habari za Otilia?" akasema. "Lile la Ijumaa unadhani niliamini limetoka kichwani kwangu? Nilijua amekuja na nini kabla sijapokea yale majani. Wote tulijua. Kila mtu hapa alijua nani anatuweka pamoja."

Nikamuuliza kwa nini basi walimtoa.

Alisugua goti. "Wewe ulikuja na karatasi kutoka chuo kikuu," akasema. "Mimi ni mwalimu, nimefundisha watoto waiamini karatasi. Nikaitazama, nikaangalia na ninachokijua mwenyewe, havilingani. Nikasema basi aliyekosea ni mimi. Na wenzangu wakasema hivyo hivyo, kila mmoja moyoni mwake, maana hakuna aliyemuuliza mwenzake."

Nikaaga. Hakunisindikiza, miguu haimruhusu.

Miaka yote hii, tangu jikoni na Bi Mwanaidi, nilidhani kosa langu ni kutokukuona. Kwa hilo ningeweza kuomba radhi nikalala. Kumbe Ruhuwiko nzima ilikuwa inakuona, mama mdogo, na mimi ndiye niliyekuja nikawafundisha wasikuone.

Pumzika. Kesho naenda nyumba inayofuata.

Mtoto wa dada yako, yule uliyemsemea.