Ukirudi kutoka kwa Doña Elida

Wilmar,

Dengu ziko jikoni, pasha moto kidogo kidogo. Vipande vya kibuyu nimevifagia, lakini chungulia chini ya friji kabla ya kutembea pekupeku.

Kosa la asubuhi ni langu. Nilikuwa nawatukana wale wakubwa wa ofisi ya misaada waliompunguzia Rosario siku za kuja kukusaidia. Wameandika usonji kwenye faili lako na sura yako hawaijui. Kwa hasira nikajisahau, nikaikoroga ile chai yetu ya majani ya mate kibuyuni kwa mrija kama nakoroga uji. Mrija wa mate ukishachomekwa hausogezwi, hata mtoto anajua. Mama yako angenizaba mkono. Ukapiga kelele, nikapiga kubwa zaidi, ukakirusha kibuyu ukutani.

~~Fungasha nguo. Jumamosi nakuja kukuchukua, huwezi kuishi peke yako.~~

Hilo nimelifuta. Wewe ulitoka ukaenda kukaa kwa jirani yako Doña Elida, kama mlivyopatana ufanye ukipandwa na hasira. Mimi ndiye niliyebaki nalifokea sinki. Yeye akaja mlangoni, akaniambia: "Don Olivio, mwanao anajua kupoa. Na wewe, mzee mzima?" Nikaliacha sinki, nikachukua kalamu. Sasa naandika tu, sina hasira wala huzuni, nimekuwa kama gogo.

Tangu mama yako afariki, sina mlango wa kubisha nikiwaka. Jumapili nakuja saa nne. Nikianza kupandisha sauti niambie, "Baba, hebu toka kidogo." Nitatoka.

Baba