Ukucha Niliouficha kwa Rangi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu, mimi na shemeji yako. Kazi ya kufua mashuka ya hoteli inaendelea, na bado nashinda ndani ya mabuti ya mpira kutwa nzima.

Ukucha wangu wa kidole gumba cha mguu uligeuka njano, ukawa mnene, ukaanza kumeguka. Kwa miezi sita nimeupaka rangi nyekundu. Shemeji yako akanitania, "Siku hizi unajipambia mabuti?" Nikacheka, lakini roho ilikuwa juu.

Hatimaye nilikwenda kwa daktari. Alifuta rangi, akakata kipande kikapimwe, na leo amenipa majibu.

"Ni fangasi. Utameza vidonge miezi mitatu, na ukucha mpya utaota polepole. Kausha vidole vizuri, badilisha soksi kila siku, na usichangie kikata kucha na mtu."

Nikamuuliza, "Mguu hamtaukata?"

Akanitazama kwa mshangao. Nikamweleza jinsi mama alivyokatwa mguu kwa kidonda kidogo tu, sababu ya sukari. Dada, na mimi ninayo, mwaka wa pili sasa. Sijamwambia mtu ila huyo daktari.

"Mguu wako uko salama," akasema. "Umewahi. Ila usiugue peke yako."

Basi na wewe ukapime sukari, tafadhali.

Shemeji yako amesimama mlangoni, anauliza naandika nini hadi nalia. Nikishatia sahihi, nitampa asome.

Mdogo wako akupendaye.