Mama Mkwe Ndiye Fundi, Fomu Ina Jina Langu

Shangazi Peres, naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi. Mimi ni fundi wa pampu, naishi Mutuini na mke na watoto wawili, nyumbani kuna amani na sina la kumlalamikia Mungu, ila jambo moja linaninyima raha. Mwaka mzima nimejaribu kutengeneza mafuta ya kuendeshea injini kwa takataka, nafungia mabua ya mahindi au karatasi za nailoni ndani ya pipa lisiloingiza hewa, nawasha moto chini, mvuke unapita kwenye paipu iliyozama majini, lakini mabua yakanipa maji machungu yasiyowaka, nailoni nazo zikaziba paipu kwa kitu kama mshumaa, hadi siku mama mkwe alipotutembelea kutoka Uthiru, akasimama mbali kwa heshima, kisha akashindwa kunyamaza.

"Unachoma kama mtu ako na haraka. Punguza moto. Na si uchanganye hizo vitu mbili, kwani zimekosana?"

Nikachanganya, akasimamia moto mwenyewe, na yakatoka mafuta ambayo leo yanaendesha mashine yetu ya kukatia ng'ombe majani. Shangazi, mama huyu kabla ya kuokoka alipika chang'aa, ile pombe kali ya mvuke, miaka ishirini, ndiyo iliyomsomesha mke wangu, naye mke wangu sasa ni mwenyekiti wa akina mama kanisani na hataki hilo lijulikane. Jumamosi hiyo nimealikwa kwenye maonyesho ya mafundi mjini. Fomu ina mistari miwili ya majina ya wabunifu, nikajaza langu tu, mama akaiona mezani, akasema, "Ni sawa, baba," akaendelea kunywa chai. Nikimtaja namwaibisha mke wangu, nisipomtaja mimi ni mwizi. Nifanyeje?

Mkwe Mwizi, Mutuini

*

Mkwe, kwanza hongera. Hilo la "kwani zimekosana" limenichekesha peke yangu ofisini.

Sasa kaa chini. Umeniandikia habari zote za mama huyu na hata mimi umenificha jina lake. Mkeo umemsikiliza, mimi umeniuliza, mama mwenyewe hujamuuliza. Yeye alishatubu akamaliza. Aibu mnayoilinda ni yenu wawili. Isitoshe, fomu inauliza nani amebuni, haiulizi alijifunzia wapi kuangalia moto. Mweleze mkeo hivyo leo, kwa upole, maana pengine alichekwa sana akiwa mtoto na bado anasikia.

Hayo mafuta usiyatie kwenye chupa za soda, una watoto. Pipa nalo likae mbali na nyumba na zizi.

Kesho nenda Uthiru na sukari na fomu mpya. Akikataa kutajwa, heshimu, lakini neno hilo litoke kinywani mwake. Andika jina lako kwenye mstari wa kwanza, sikunyimi. Ule wa pili usiujaze wewe. Mpe kalamu, halafu unyamaze.

Shangazi Peres