Mfungwa Aliyerudi Kwenye Gereza Lililoungua

Aldbrook, tarehe 19 Oktoba, 1675

Dada yangu mpendwa Winifred,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa vizuri kwenye kiti, maana unaandikiwa na mtu mkubwa. Si yule Humphrey fundi viatu uliyemwacha huku akigombana na majirani. Siku hizi nikipita sokoni, au niseme pale palipokuwa soko, watu wananipisha njia. Nusu ya mji huu iliyobaki imesimama kwa mikono yangu miwili na ndoo moja iliyotoboka. Wanasema watanichongea jina langu kwenye jiwe. Bado hawajasema jiwe gani, lakini nimewaambia nitangoja.

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na binti yako na huyo mjukuu mpya, ambaye natumaini amechukua pua ya upande wetu. Je, kikohozi kimekuachia? Mimi ni mzima kama farasi, isipokuwa goti la kushoto, na nyusi, ambazo moto ulizichukua zote mbili. Mke wangu anasema sasa nina sura ya yai. Naye ni mzima, kama unavyosikia.

Barua yako imenifikia jana, karatasi yote imekunjamana kwa machozi. Unauliza kama ni kweli gereza la Aldbrook liliungua na mwanao ndani. Gereza liliungua, dada. Ambrose yu hai. Nimelitanguliza hilo ili upumue, ukavute na kikombe cha bia, kisha urudi unisikilize toka mwanzo, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na mimi nimo ndani yake sana.

Unajua ulivyolia Ambrose alipojiunga na hao Marafiki, watu wa dini mpya, ambao huku mitaani tunawaita Watetemekaji. Mimi nilikuambia ni homa ya ujana, itapita. Haikupita. Kumbe katika ule mkutano wao wa kukaa kimya alikuwa akikaa mkabala na Damaris Loveday, binti wa fundi mapipa, na kimya kikawa kitamu. Msichana mwenyewe ni mwembamba, mkali wa macho, mwepesi wa kujibu. Nilipomwambia kwamba mimi ndiye niliyemfundisha Ambrose kazi yote ya viatu, alitazama miguu yangu, akasema, “Naona, mjomba, kidole chako kinatusalimu.”

Sasa hao watu hawaoi kama sisi. Hawana padri, hawana pete. Kijana na msichana husimama mkutanoni, waseme kwa vinywa vyao wenyewe kwamba wanataka kuoana. Kisha watu wanachunguza kama kuna pingamizi, na mwezi mwingine wanasimama tena wote wawili na kulisema mara ya pili. Hapo ndipo wanaruhusiwa. Bila ile mara ya pili hakuna harusi, hata kama mtu analia damu. Ambrose na Damaris walisema mara ya kwanza mwezi wa Aprili. Kabla ya mara ya pili, kwa kuwa sheria inakataza mikutano yao, askari wakaja, wakapigilia misumari mlango wa nyumba ya mikutano na kumchukua Ambrose.

Mahakamani jaji alimwamuru avue kofia. Mwanao akajibu kwa upole kwamba kofia huivulia Mungu tu wakati wa sala. Wakamwambia aape kuwa ni mtiifu kwa mfalme. Akasema utiifu anao, kiapo hana, kwa sababu mtu mkweli haongezi kitu juu ya ndiyo yake. Mimi kule nyuma nilijitolea kuapa badala yake mara tatu, kwa mfalme yeyote watakayemchagua wao, wakanitoa nje kwa kunishika kola. Basi akafungwa, na hakuna aliyetaja siku ya kutoka.

Kiangazi chote Damaris alimpelekea mkate na jibini dirishani. Ile sentensi moja ambayo haijasemwa ilikuwa inamtafuna. Wazazi wa vijana wengine walikuwa wameanza kupita kwa baba yake wakiuliza hali ya binti, na yeye mwenyewe aliniambia siku moja, bila kuficha, kwamba anaogopa kuzeeka akiwa amechumbiwa nusu.

Mkuu wa gereza, bwana mmoja mnene aitwaye Gudge, alikuwa amemzoea Ambrose. Nilimwendea nikamkalia kooni siku tisa mfululizo, nikamweleza uhusiano wangu na watu wakubwa, mpaka akachoka. Akamwita Ambrose, akamwambia, “Wezi wangu nawafunga mnyororo. Wewe, nikikuachia uende kwenye huo mkutano wenu Jumatatu, utarudi?” Ambrose akasema atarudi saa kumi na mbili jioni. Gudge akamwambia aape. Halafu akakumbuka anaongea na nani, akajipiga paji la uso, akamfungulia mlango.

Basi Jumatatu ile, tarehe ishirini Septemba, Marafiki walikusanyika uani kwa fundi mapipa. Mimi nilisimama kwenye uzio kama jamaa wa bwana harusi. Walikaa kimya, dada, kimya cha kusikia nzi akijikuna. Ambrose na Damaris walikuwa ndio kwanza wamesimama ili waseme, nami nikaona moshi unapanda nyuma ya mtaa wa washona ngozi, mweusi, na upepo unauleta kwetu. Nikapiga kelele, “Moto! Moto jamani!”

Hakuna aliyetikisika. Hata jicho halikufunguka. Unajua kwa nini? Kwa sababu wahuni wa mji huu kwa miaka mingi wamekuwa wakija kuwatibua kwa kupiga kelele hizo hizo, “Moto!”, kisha wanawamwagia maji machafu wakitoka mbio. Kwa hiyo Marafiki wamejizoeza kutosikia. Mzee mmoja alinong'ona tu, “Msamehe huyo mlevi.” Mimi! Ilibidi niruke uzio na kumkamata Ambrose mabegani, na cheche ya kwanza ikatua kwenye shungi la mama mmoja, ndipo wakaamini. Sentensi ikabaki mdomoni.

Sitakueleza yote. Mapaa ya nyasi yalikuwa yanawaka kabla moto wenyewe haujafika. Ambrose alimbeba nyanya yake Damaris mgongoni hadi uwanda wa mtoni, akarudi kubeba wengine, safari sita au saba. Mimi nilibeba watu arobaini. Jioni ilipokaribia tulikuwa wote pale majanini, weusi kama wachoma makaa, na mji unalia mbele yetu. Hapo mwanao akanawa uso, akaweka kofia sawasawa, akamwambia Damaris kwamba saa kumi na mbili inakaribia, anarudi gerezani.

Damaris alidhani amepatwa na wazimu wa moshi. Akamuuliza anarudi gereza lipi, haoni mtaa ule unavyowaka? Ambrose akasema anaona, lakini alimwambia Gudge saa kumi na mbili. Akasema pia kwamba Gudge akishindwa kumwamini Rafiki mmoja, hatawaamini wote. Msichana akamshika mkono, akamwambia mbele ya watu, “Nimekungoja miezi mitano. Ukienda huko, Ambrose Pettifer, usinirudie.” Nakwambia mwanao alisimama pale machozi yanachora mistari kwenye masizi. Kisha akaenda. Nikamfuata nikimtukana hadi darajani, joto likanirudisha. Muda si mrefu tukaona paa la gereza linazama ndani, na Damaris akakaa chini majanini.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kumtafuta. Nilichimbua kifusi mtaa kwa mtaa kwa mikono hii, makaa bado mekundu, nikinusa kama mbwa wa mwindaji, mpaka akili yangu ikanipeleka moja kwa moja kwenye magofu ya gereza. Na hapo, juu ya kizingiti cha jiwe, bila mlango, bila ukuta wa mbele, alikuwa amekaa Ambrose na kofia yake kichwani. Kando yake amelala bibi kizee Nan Scully, mwizi wa mabata, amejifunika koti la mwanao.

Gudge alikuwa amekimbia na funguo zake na kumsahau yule bibi chini, mguu kwenye mnyororo. Ambrose alipofika saa kumi na mbili alimkuta akipiga mayowe, akavunja mlango kwa boriti na kung'oa pete ya mnyororo ukutani. Kisha moto ulipopungua akarudi akakaa. Nikamwambia, “Twende nyumbani, mpumbavu wewe.” Akaniambia hawezi, yeye ni mfungwa. Nan Scully akafungua jicho moja, akasema nisimsumbue, ameshamshauri alfajiri yote, na kwamba katika magereza manne aliyokaa hajaona kichwa kigumu hivi.

Nilikimbia kumwita Damaris, goti au si goti. Alikuja mbio, akasimama hatua tatu mbele yake, kifua kinapanda na kushuka. Akamwambia, “Nilikuambia usinirudie.” Ambrose akajibu, “Sijakurudia. Nimekaa tu hapa.” Msichana akajaribu kukasirika, mdomo ukamsaliti, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Akakaa kwenye jivu ubavuni mwake, akasema, “Basi nimekuja mimi.”

Marafiki wakaanza kufika mmoja mmoja. Nyumba ya mikutano ilikuwa imeungua na misumari yake yote, kwa hiyo wakakaa palepale juu ya mawe ya gereza, kimya kama kawaida. Safari hii nilikaa nao. Ambrose na Damaris wakasimama, wakasema ile mara ya pili, wazi, bila kigugumizi. Nan Scully akapiga makofi peke yake.

Tulikuwa bado tumekaa Gudge alipotokea, anatembea kama mtu anayekuja kuhesabu mifupa. Alipomwona bibi Nan aliegemea ukuta. Kisha akamuuliza Ambrose anafanya nini hapo. Ambrose akamwambia, “Nakungoja wewe. Nilifika kwa wakati.” Gudge alilia, dada, mnene yule, mbele ya watu. Akasema, “Nenda zako, bwana. Nikufungie wapi, mfukoni?” Ambrose akamwomba alitamke hilo mbele ya mashahidi, akalitamka mara mbili, na wiki iliyofuata akaenda mwenyewe kwa jaji kumwombea. Jaji akasema kesi imeungua, na asiletewe tena mtu yule na kofia yake.

Walioana Jumapili iliyopita, ghalani kwa mkulima mmoja. Walishikana mikono, wakaahidiana, kisha wote tuliokuwepo tukaitwa kutia majina kwenye hati yao. La kwangu ndilo kubwa kuliko yote, limemfunika mzee mmoja wa watu. Damaris ameniagiza nikuambie anakupenda kabla hajakuona, na kwamba atakuona karibuni, maana mwezi ujao wanakuja Bristol kukaa nawe majira yote ya baridi.

Na hilo ndilo linalonilazimisha kuongeza maneno machache, dada. Wewe utamuuliza mwanao jinsi mjomba alivyompata, naye hajui kusema uongo hata wa adabu. Basi afadhali ulisikie kwangu. Sikuchimbua mtaa wowote. Nilikuwa nimekata tamaa tangu darajani, nikizunguka tu na kupanga maneno ya kukuandikia kwamba amekufa, na kila nilipofika kwenye jina lako nilishindwa kuendelea. Pale kwenye ukuta wa gereza niliingia kwa nyuma ili nijisaidie. Nilikuwa katikati ya shughuli hiyo nikasikia sauti ya upole kutoka upande wa pili ikisema, “Mjomba Humphrey, amani kwako. Tafadhali sogea kushoto kidogo, hapa tuko watu wawili.”

Mbusu mjukuu kwa niaba yangu, na umwambie binti yako nampelekea viatu vya mtoto kwa mkono wa Ambrose. Mungu akulinde hadi tuonane.

Ni mimi, ndugu yako wa damu,
Humphrey Tuckwell, fundi viatu