Karembo Amepandishwa Daraja

Baba,

Karembo amepandishwa daraja. Nimeona nikwambie mimi mwenyewe, maana najua ungesikia kwa Mzee Jaswant ungenuna wiki nzima kwamba umekuwa wa mwisho kujua. Msimu wa ligi uliisha, wakahesabu, na yeye ndiye aliyechaguliwa na wachezaji wengi kuliko mazimwi wote wa mchezo wetu wa simu. Sasa ni wa daraja la juu. Sisi wa chini haturuhusiwi kumtumia tena.

Usicheke. Nililia. Nililia hapa hapa kibandani Kaptembwo, mguu ukiwa kwenye cherehani na sare za shule zimenirundikana mapajani, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Sikuona haja ya kumweleza kwamba nalia kwa ajili ya chura.

Unakumbuka siku niliyokuletea ile simu nyumbani Bahati? Daktari alikuwa amekukataza kukamua, kubeba, hata kuinama. Moyo wako ulikuwa umechoka. Ng'ombe wote walikuwa wamehamishiwa kwa jirani, nawe ulikuwa umeweka kiti barazani ukiangalia banda tupu tangu chai ya asubuhi hadi ugali wa jioni. Niliogopa, Baba. Nilijua kuangalia lile banda kutakumaliza kabla ya moyo. Ndiyo maana nikakuwekea ule mchezo ninaoucheza tangu chuo: unakusanya mazimwi, unachagua sita, unakutana na mtu mwenye sita wake. Mmoja wako na mmoja wake wanaingia uwanjani, na ukiona wako amezidiwa, unamtoa unaingiza mwingine.

Mama alipita na kikombe akaona kitu chenye vichwa viwili kinatema moto. Akasema hayo ni mapepo, na nyumba yake ni ya maombi. Nawe, bila hata kuinua macho, ukamjibu, "Ni mifugo tu, Mama Wambui. Mifugo isiyokula dairy meal."

Nilikuonyesha wale wakubwa kwanza, wenye mabawa na radi. Ukauliza kama kila mtu anao hao. Nikasema ndiyo. Ukasema basi hutaki, wewe hujawahi kufuga ng'ombe wa maonyesho. Ukaomba wale waliokataliwa, wanyonge, wasiochaguliwa na mtu wa daraja la juu. Ukawapa majina ya ng'ombe wako, mmoja mmoja. Safari alikuwa yule mwembamba mwenye mbio. Maua alikuwa yule wa maji. Na chura mnene mwenye kuvu mgongoni, mbaya mpaka mimi mwenyewe sikuwahi kumtazama mara mbili, ukamwita Karembo, kwa sababu ng'ombe wako Karembo alikuwa anachechemea na bado alikuwa anajaza ndoo.

Mimi nilikuwa najenga timu kama mtu anayenunua nguo za Krismasi: nachukua zinazong'aa, nafika nyumbani nagundua hakuna inayoendana na nyingine. Wewe ulijenga kama mfugaji. Ulianza na magonjwa. Ulitaka kujua kwanza nini kitatuua. Uliangalia timu yangu ukaona watatu wanaogopa moto, ukatikisa kichwa kama umekuta kupe sikioni mwa ndama. Ukaniambia mmoja awe wa kuingia mapema, aone mpinzani amekuja na nini. Mmoja awe wa kupokea vipigo bila kulalamika. Wa kumaliza kazi akae nyuma, asionekane mpaka mpinzani achoke. Na kila nilipokuwa nakwambia nimepata zimwi kali, uliniuliza swali lile lile moja.

"Sawa. Na huyo akitoka, nani anaingia?"

Nilikuwa najua tu nani anapiga. Nawe uliniambia kwamba huku chini hakuna anayeweza kusimama uwanjani mwanzo hadi mwisho, wote watalazimika kutoka, kwa hiyo timu ni mpangilio wa kupokeana. Hapo ndipo ulipomwona Karembo, kwa sababu wewe ulisoma maelezo yake yote, mimi nilikuwa nimesoma nguvu zake tu. Kupiga hajui. Lakini akitolewa uwanjani anaacha tope, na yeyote wa adui anayeingia baada ya hapo anaburuta miguu. Na wetu anayeingia nyuma yake anaongezewa uhai kidogo. Ulifurahi kama umepata ndama jike.

Mzee Jaswant ndiye aliyekupa mahali pa kuchezea. Ulikuwa umenunua visu vya mashine ya majani dukani kwake miaka nenda miaka rudi, mkibishana bei, na siku nilipokupeleka mjini kliniki ukapita kumsalimia, ukamkuta na miwani puani anacheza mchezo wetu. Aliuanza na wajukuu, wajukuu wakaenda ng'ambo, yeye akabaki nao. Akatuonyesha ghala la juu ya duka, ambako vijana wanakuja kila Jumamosi kucheza ligi. Daraja la juu upande wa ngazi, daraja la chini upande wa dirisha. Na sheria yao: zimwi wa daraja la chini akichaguliwa na watu wengi mno msimu mzima, anapandishwa, ili sisi wanyonge tusije tukafanana sura wote. Ulisema hiyo ni sheria nzuri. Ukachukua kiti cha pembeni ya dirisha, na hakuna aliyekikalia tena.

Pia ulitufunga mdomo, mimi na Jaswant, tusimtangaze Karembo. "Mkimsifu sana watanichukulia."

Sasa sikiliza kilichotokea.

Siku ya kukuzika, Mzee Jaswant alikuja Bahati na kilemba chake cheupe na mkongojo. Alipopewa nafasi ya kusema, nilidhani ataeleza habari za visu vya mashine. Akawaambia waombolezaji habari za Karembo. Yote, Baba. Tope, uhai, swali lako la nani anaingia. Mchungaji alikuwa anamtazama kwa adabu bila kuelewa kitu. Mama alikuwa ameinama na kitambaa usoni. Lakini vijana wa ligi walikuwa wamekuja, wamesimama nyuma karibu na mahindi, na wao walielewa.

Jumamosi iliyofuata nilijilazimisha kwenda na simu yako. Nikafungua mchezo wa kwanza, nikaona mwenzangu ana Karembo. Nikahamia kwa mwingine, naye ana Karembo. Meza zote za dirishani, kila mtu alikuwa amemwondoa zimwi wake mmoja akamweka chura. Yule kijana wa boda boda mliyekuwa mnataniana naye aliniambia, "Ni ya mzee, madam. Tumeamua tu." Walikuwa wanakuombolezea kwa njia waliyoijua. Wakaendelea hivyo mpaka msimu ukaisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka sheria. Kwa kukupenda, tukakufukuzia Karembo wako kutoka daraja letu.

Jaswant alinipigia simu sauti imekauka. Akasema, akiniita binti kwa lugha ya kwao, "Beti, sheria ni yetu wenyewe. Wewe endelea na Karembo wa baba. Hakuna mtu atauliza."

Nilitaka kukubali. Kwa kweli nilitaka. Tangu uondoke sikuwa nimebadilisha chochote katika timu yako. Wale sita, kwa mpangilio ule ule, na majina uliyoyaandika wewe kwa kidole kimoja. Viatu vyako Mama amevigawa. Banda mjomba ameweka kuku. Koti lako nimelipunguza mikono mimi mwenyewe, analivaa ndugu yangu. Ile timu ilikuwa ndiyo kitu pekee kilichobaki kama ulivyokiacha, na nilikuwa naona nikimtoa mmoja tu, basi nimeanza kukutoa wewe.

Lakini nikakumbuka siku yule kijana wa boda boda alipokuachia ushinde. Ulikuwa umetoka kliniki, uso umevimba, akakuonea huruma akafanya makosa ya kijinga makusudi. Uliweka simu mezani ukamtazama. Ukamwambia kwamba huruma unapata ya kutosha hospitali, huku umekuja kuchapwa kama watu wengine. Mkarudia mchezo, akakuchapa, ukarudi Bahati ukiimba. Kwa hiyo nilimpigia Jaswant nikamwambia hapana, Karembo aende, sheria ni sheria. Akasema alijua nitasema hivyo, ila ilikuwa lazima aniulize.

Kusema ni rahisi. Jumamosi ya kwanza bila Karembo nilichapwa vibaya. Ya pili pia. Nilijaza nafasi yake na mazimwi wakali, mmoja baada ya mwingine, na timu nzima ikawa kama nyumba ambayo mtu amehamisha ukuta. Safari alikuwa anaingia bila tope na kuangushwa mlangoni. Nikafikia kusema basi. Nikapanga kuizima simu yako, niifunge kwenye kitambaa, niache mambo ya watoto.

Jumapili hiyo nilikwenda Bahati kumpa Mama simu aiweke sandukuni. Alikuwa nje ya jikoni anamenya maganda ya minji. Akaniuliza mbona nimekonda uso. Sijui kwa nini nilimweleza. Nilimweleza yote, nikitegemea aniambie hayo ni malipo ya kucheza na mapepo. Hakusema hivyo. Alimenya, akamenya, kisha akauliza bila kuniangalia.

"Na huyo wa maji akitoka, nani anaingia?"

Baba, alikuwa anatusikiliza. Miaka yote ile akipita na chai, akipita na kuni, akikemea, alikuwa anasikiliza. Nilimwambia hakuna, hapo ndipo pana shimo. Akapangusa vidole kwenye leso, akaniambia nimwonyeshe wanaobaki. Akawa anawapitisha mmoja mmoja kama anachagua nyanya sokoni. Huyu ana kiburi. Huyu anataka kupigana tu. Huyu ataumwa kila siku. Akasimama kwa ndege mmoja wa kijivu, manyoya yamenyonyoka, ambaye sijawahi kuona mtu akimtumia. Akaniambia nimsomee maelezo, yote, nisiruke. Nikasoma. Huyo ndege hapigi kitu. Ila akiingia, yeyote aliyeumia katika wenzake walio nje anapona kidogo kidogo, mradi yeye amekaa uwanjani.

"Huyu anakaa na wagonjwa," Mama akasema. "Muweke huyu."

Aliyesema hivyo ndiye aliyekaa nawe wodini mpaka mwisho. Niligeuza uso upande wa shamba asinione. Nikamwuliza ampe jina. Akakataa katakata, akasema yeye hampi pepo jina, na nikatazame maziwa yasifurike.

Yule ndege nilimwita Mama Wambui. Usimwambie.

Si kama Karembo. Lazima nikueleze ukweli huo, usije ukadhani tumempata wa badala yake. Timu imebidi ijengwe upya kabisa kumzunguka: Safari sasa haingii mapema, anakaa nyuma, Maua ndiye anayetangulia kupigwa, kisha anatoka kupona wakati ndege amekaa. Majina yako nimeyaacha. Mpangilio wako haupo tena. Nilipoubadilisha nilidhani nitaumia sana, na niliumia, lakini kidole changu kilikuwa kinafanya kazi uliyonifundisha, nikahisi uko karibu kuliko zile wiki nilizokuwa nakulinda usiguswe.

Jumamosi nilicheza na Mzee Jaswant. Alinishinda, lakini ilimchukua muda, mpaka chai yake ikapoa. Mwisho akavua miwani akauliza ni nani amenipa wazo la yule ndege. Nikamwambia Mama. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akapangusa macho na hakucheka tena.

Karembo nimemwona pia. Nilisogea upande wa ngazi kumtazama akichezwa na wakubwa. Wanampiga sana kule, Baba, sitakudanganya. Lakini akitoka, tope linabaki, na hata wale wenye mabawa wanaburuta miguu. Nilisimama pale nikajivuna kama mzazi siku ya kufunga shule.

Kwa hiyo sikuizima simu. Nakuahidi hivi: sitaifanya timu yako kuwa picha ya ukutani. Nitaitoa na kuiingiza, nitaibadilisha kila msimu utakapodai, na kabla ya kumpenda zimwi yeyote nitajiuliza swali lako. Huyu ndege naye nimemficha. Nimewaambia vijana wa ligi kwamba atakayemsifu tutakosana.

Pumzika, Baba. Moyo wako ulifanya kazi kubwa. Kiti cha dirishani bado kipo, na bado hakuna aliyekikalia. Vijana wanakizunguka tu, hata siku ghala likijaa. Lakini Mama amesema Jumamosi hii anakuja mjini, anataka kuyaona hayo mapepo kwa macho yake na kuhakikisha simtumii ndege wake ovyo. Nimemwambia akalie hicho.

Binti yako,
Wambui