Ufizi Ule Haukuwa Wako

Spesiyoza, mjukuu wangu,

Jumamosi wanataka kuganduka, waondoe matanga yako. Mimi sitakwenda. Wanasema bibi amezeeka, akili zimehama. Waseme.

Unakumbuka uliporudi kutoka fakulte, kule chuo kikuu, ukanikuta natema damu kwa sababu ya kipande cha muhogo? Ulinifungua mdomo kama mbuzi wa sokoni. Nikasema ni uchawi wa jirani, ukanicheka.

"Bibi, iko ndani ya damu yetu. Ni jeni. Wewe, mama, na mimi."

Ukanionyesha yako: msichana mbichi, meno marefu kama ya kizee, ufizi umeshuka hadi kwenye mizizi. Ukasema wadudu wa mdomoni ni kidogo tu, lakini mwili wetu unatoa molekuli za kuita askari, unaita, unaita, haujui kunyamaza. Askari wanajaa, wanachoma ufizi, wanakula mpaka mfupa.

"Basi ni kama hawa wetu wa barabarani," nikasema.

"Bibi! Watakusikia!"

Tulicheka mpaka ugali ukapoa.

Halafu ukapanda minibusi, na nilikukataza. Kichwa kigumu wewe! Watu wa bunduki walivamia gari karibu na Kabezi, wakalichoma. Baba yako akaleta maiti iliyoungua uso, haitambuliki, eti ni wewe, kwa sababu ya kitenge cha kijani. Kana kwamba soko la Rumonge lilikata kipande kimoja tu cha kitenge kile! Wote wakaangua kilio. Mimi nikamfungua mdomo yule mutoto kwa vidole vyangu.

"Mama, muheshimu marehemu," mchungaji akasema.

Nikamwambia asogee, ananizibia mwanga. Meno yalikuwa mafupi, yamebanana, ufizi umeyashika vizuri. Hakuwa mutoto wa damu yetu.

Tulimzika hata hivyo. Nilimlilia pia, maana watu wake hawajui aliko. Lakini jina lako kwenye ule msalaba nimewakatalia.

Sasa nina hasira na wewe. Kama umevuka ziwa, kama unaugua kwa watu, tuma neno, hata tusi. Mama yako haachi kuniuliza: "Uliona vizuri kweli? Moto ulikuwa umefika mdomoni." Namjibu niliona. Namjibu hivyo kila siku, na kila siku sauti yangu inapungua nguvu. Usinifanye mwongo, mutoto wewe.

Amahoro, amani iwe nawe huko uliko.

Bibi yako, ambaye hajafiwa